Timu Inajengwa, Shabiki Anachomeka: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu ile "Process" Watu Huimba

Ingia kibanda chochote cha mechi Makutano pale Meru ama Embu town wikendi, utaskia msee akiambia shabiki wa Arsenal aendelee kuamini "Process". Kibanda chote kinacheka, jamaa anavuta kofia chini. Wengi wetu hudhani hii story ilianza na Mikel Arteta, yule kocha aliingia Arsenal Desemba 2019, akamaliza namba nane mara mbili, halafu baadaye akamaliza namba mbili mara tatu mfululizo kutoka 2023 hadi 2025.

Hapana. Hiyo line ilitoka kwa basketi, mji wa Philadelphia, Marekani. Na stori yenyewe ni chungu kuliko hiyo ya Arsenal, kwa sababu kule timu ilipoteza mechi miaka mitatu na wakubwa wakawa wanaona ni sawa tu.

Kama wewe ni wa kuamka saa tisa ama saa kumi usiku kwa baridi ya Meru ukicheki NBA kwa simu, ama ni wa kufuata Morans na ligi ya hapa nyumbani, hii makala ni yako. Tutaeleza kujenga timu upya ni nini, inafanyanga aje, kwa nini mashabiki huchomeka, na kwa nini Kenya hatuwezi kukopi tu ya Wamarekani tukategemea itashika.

KUJENGA UPYA NI NINI?

Uliza mzee yeyote wa kahawa Runyenjes ama Imenti Kusini. Shina la SL28 likizeeka, mti unapanda juu, majani mengi, matunda kidogo. Unaweka mbolea, unapiga dawa, na bado factory unapeleka debe badala ya gunia. Hapo mkulima ana njia mbili. Ya kwanza, avumilie hivyo hivyo akisema mwaka ujao itakuwa fiti. Ya pili, ashike msumeno akate shina, aache machipukizi mapya yakue.

Ukikata yote mara moja, jua kama miaka miwili hivi hakuna mavuno ya maana. Nyumba inakula nini? Karo inatoka wapi? Ndiyo maana wakulima wengi hawakati kila kitu. Wanaacha mashina kadhaa yaendelee kuzaa huku machipukizi yakipanda, halafu wanamalizia ya zamani baadaye.

Timu ni hivyo hivyo. Kuna timu haiko mbaya ya kushika mkia, na haiko nzuri ya kubeba kombe. Iko katikati, kila mwaka inatolewa mapema, wachezaji wanazeeka na mshahara uko juu. Kujenga upya ni kukubali kukata: unauza mastaa, unaingiza vijana, unakula vichapo, ukiwa na plani kwamba baada ya miaka kadhaa utakuwa na kikosi cha kubeba taji.

Swali linalochoma mashabiki ni moja: ukikata, unakata yote ama unaacha kitu cha kula?

DRAFTI INAFANYA AJE

Huwezi kuelewa kwa nini timu ya Marekani inaweza kutaka kupoteza bila kuelewa drafti. Si ile ya vifuniko vya soda mnachezea nje ya duka. Hii ni shughuli ya kila mwaka ambapo timu 30 za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Zile zimefanya vibaya zinachagua mapema, ndio hata maskini apate staa.

Timu 14 zilizokosa mchujo wa ubingwa huingia kwa bahati nasibu ya mipira 14 ya ping-pong, kuamua nani atachagua namba moja. Zamani, timu ya mwisho kabisa ilikuwa na asilimia 25 ya kupata hiyo nafasi. Na NBA hakuna kushushwa daraja. Ukimaliza mkia, mwaka ujao bado uko ligi ile ile, na mgao wako wa pesa za runinga unaingia kama kawaida.

Sasa piga hesabu. Timu ya katikati inapata nini? Haina kombe, na drafti inachagua kijana wa kawaida. Ya mwisho inapata nafasi ya kuchukua staa wa miaka kumi. Kwa hizo sheria, kupoteza kunalipa. Wamarekani wanaita hiyo tabia kutanki: kupanga kikosi dhaifu kwa makusudi. Wachezaji uwanjani wanajituma kabisa, wanatafuta unga wao. Mwenye anatanki ni ofisi.

PHILADELPHIA: MIAKA MITATU YA KUNYUKWA

Mei 2013, Philadelphia 76ers walimpa Sam Hinkie kazi ya kusimamia timu. Jamaa ni mtu wa namba. Usiku wa drafti mwaka huo akamuuza Jrue Holiday, aliyekuwa ametoka kucheza mechi ya nyota, kwenda New Orleans. Alichopata ni Nerlens Noel, kijana aliyekuwa ameumia goti, pamoja na nafasi ya drafti ya mwaka uliofuata. Msumeno ukaanza kazi.

Msimu wa 2013/14 walishinda mechi 19 kati ya 82. Hapo ndani walipoteza 26 mfululizo. Msimu uliofuata wakashinda 18. Wa 2015/16 wakashinda 10 pekee, wakapoteza 72. Jumlisha: mechi 246, ushindi 47. Shabiki alilipa tiketi, parking na soda, akijua timu yake itachapwa mara nne kati ya tano.

Drafti ya 2014 walichagua namba tatu, Joel Embiid, kijana wa Yaoundé, Cameroon, aliyeanza basketi akiwa tineja na kuonekana kwenye kambi ya Luc Mbah a Moute. Lakini alikuwa na jeraha la mguu, na hakucheza hata dakika moja misimu miwili mizima. Mashabiki wakaambiwa wangoje.

Hapo ndipo ile line ikazaliwa. Mchezaji Tony Wroten aliambia mwandishi kwamba timu huwaambia kila siku waamini "Process". Mashabiki wakaichukua, wakaiimba uwanjani, nusu kwa imani, nusu kwa kejeli. Embiid mwenyewe akajibandika jina la "The Process". Na Wroten? Desemba 2015 timu ikamwachilia aende. Mwenye alitupa neno hakuonja hata matunda.

Mwezi huo huo wa Desemba wakubwa wakamleta Jerry Colangelo asimamie mambo. Aprili 2016 Hinkie akaacha kazi kwa barua ya kurasa 13. Yeye pia hakuwepo wakati wa kuvuna.

JE, ILILIPA?

Hapa ndipo watu hugawanyika mpaka leo.

Upande mmoja utakuambia ndiyo. Msimu wa 2017/18 Sixers walishinda mechi 52. Embiid akawa mchezaji bora wa NBA mwaka 2023, na si watu wengi kutoka Afrika wamewahi kushika hiyo tuzo. Bila kukata, hayo yote yangetoka wapi?

Upande wa pili utakuuliza kombe liko wapi. Mwaka 2016 walichagua namba moja, Ben Simmons. 2017 wakachagua namba moja tena, Markelle Fultz. Wote wawili hawapo. Mwaka 2019 walifika mechi ya saba dhidi ya Toronto Raptors, nusu fainali ya kanda ya Mashariki, na Kawhi Leonard akarusha mpira king'ora kikilia. Ukagonga chuma mara nne, ukaingia. 92 kwa 90. Toronto wakaenda wakabeba taji. Kutoka 2013 hadi msimu wa 2024/25, Philadelphia hawakuwahi kupita hiyo raundi ya pili, na huo wa 2024/25 walishinda mechi 24 tu. Walirudi pale pale walipoanzia.

NBA yenyewe ilichoka na hii mambo. Kuanzia drafti ya 2019, timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja ya kupata namba moja. Sasa kuwa wa mwisho kabisa hakukupi faida sana juu ya wa tatu kutoka mwisho.

OKLAHOMA: MAUMIVU YALE YALE, MWISHO TOFAUTI

Usidhani basi kukata ni ujinga. Angalia Oklahoma City Thunder. Julai 2019 walimuuza Paul George kwa Los Angeles Clippers. Wakapata nafasi tano za raundi ya kwanza ya drafti, na kijana mmoja aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu: Shai Gilgeous-Alexander.

Halafu wakateseka. Msimu wa 2020/21 walishinda 22 kati ya 72. Uliofuata, 24 kati ya 82. Desemba 2021 Memphis waliwapiga kwa tofauti ya pointi 73, kichapo kikubwa kuliko chochote katika historia ya NBA. Manze, 73! Hiyo siku shabiki wa Oklahoma alikuwa anafanana na sisi.

Lakini cheki hesabu baada ya hapo: ushindi 40, kisha 57, kisha 68, na Juni 2025 wakabeba ubingwa baada ya mechi saba dhidi ya Indiana Pacers. Shai ndiye alikuwa mchezaji bora wa mwaka. Moja ya zile nafasi za Clippers ilikuwa imegeuka kuwa Jalen Williams, aliyechaguliwa namba 12 mwaka 2022.

Tofauti na Philadelphia ilikuwa gani? Mbili kubwa. Kwanza, Sam Presti ndiye alikata na Sam Presti ndiye alivuna. Yuko pale tangu 2007, hakuna mtu aliingia katikati na msumeno wake. Pili, hawakukata yote. Walibaki na Shai, shina moja linalozaa, na vijana wakakua wakimzunguka. Shabiki hata akichapwa alikuwa na mtu wa kutazama.

KWA NINI KENYA HATUWEZI KUKOPI

Sasa turudi nyumbani. Ukisikia kiongozi wa timu ya hapa akisema "tunajenga upya, mtuvumilie", jua hivi: Kenya hakuna drafti. Ukimaliza mkia kwa Ligi Kuu ya basketi, hakuna mtu anakuletea kijana bora wa shule za sekondari kama pole. Unashushwa daraja, basi. Hakuna mgao mnono wa runinga wa kukushikilia ukipoteza. Timu nyingi kubwa zinaegemea mwajiri: Ulinzi Warriors ni ya jeshi, KPA ni ya bandari pale Mombasa.

Kwa hivyo kupoteza hapa hakununui chochote. Ni kupoteza tu.

Njia ambayo imeonekana kufanya kazi hapa ni ingine. Nairobi City Thunder ilichukuliwa na kampuni ya Twende Sports mwaka 2023, ikafanywa timu ya kulipwa, ikaleta wachezaji wenye majina kama Tylor Ongwae. Mwaka 2024 wakabeba ligi. Mwaka 2025 wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ile ligi ya Afrika ya NBA na FIBA iliyoanza 2021. Hawakuvuka kundi lao la Nile kule Kigali, na mashabiki walilalamika kama kawaida. Lakini ukiangalia ni wapi timu ilikuwa miaka miwili kabla, hiyo ni hatua.

Ila kumbuka, hiyo si kukata kahawa. Hiyo ni kununua shamba na miche imekomaa. Inafanya kazi kwa mwenye pesa. Ligi nzima haiwezi kununua. Lazima kuna mahali miche inatoka.

MORANS NA ZILE POINTI MBILI

Kama unataka kuelewa kwa nini shabiki wa basketi Kenya ana uchungu kuliko hata wa Philadelphia, hii ndiyo stori yenyewe.

Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika, na Kenya ikamaliza namba nne. Baada ya hapo, kimya. Miaka 28 bila kurudi kwenye hayo mashindano. Hakuna mtu aliita hiyo kujenga upya, kwa sababu hakuna kitu kilikuwa kinajengwa.

Halafu 2019, vijana wa Morans wakaenda AfroCAN kule Bamako, wakafika fainali, wakapoteza kwa DR Congo. Watu wakashtuka, kumbe tunaweza. Februari 2021, Yaoundé, mji wa kina Embiid, Morans chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia walikutana na Angola, wenye walikuwa wamebeba ubingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho Ongwae akarusha. 74 kwa 73. Angola chini! Kenya tukafuzu.

Agosti mwaka huo, Kigali, Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Tulipoteza kwa Côte d'Ivoire na Nigeria, tukapiga Mali 72 kwa 66. Mechi ya kuingia robo fainali tukakutana na Sudan Kusini, timu iliyoingia mashindano dakika za mwisho baada ya Algeria kujiondoa. Tukapoteza 60 kwa 58.

Pointi mbili. Kikapu kimoja. Siku hiyo Kenya na Sudan Kusini zilikuwa karibu sawa.

Sasa ona kilichofuata. Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na FIBA mwaka 2013 tu, ilikuwa na rais wa shirikisho anaitwa Luol Deng, staa wa zamani wa NBA, aliyeingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe kuendesha timu. Walikuwa na plani na mtu wa kuisimamia. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia na kufuzu Olimpiki. Julai 2024 wakapoteza kwa Marekani ya LeBron James kwa pointi moja, 101 kwa 100, mechi ya kirafiki London. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki yenyewe, wakapiga Puerto Rico 90 kwa 79.

Na sisi? Mills hakuendelea. Mwaka uliofuata alikuwa anafunza AS Salé ya Morocco kwenye BAL. AfroBasket ya 2025 kule Angola ilipofika, Uganda walikuwepo, Rwanda walikuwepo, Sudan Kusini walikuwepo. Kenya hatukuwa kwenye orodha.

Hiyo ndiyo inachoma. Vichapo tumezoea. Kinachouma ni kuona jirani mlikuwa naye bega kwa bega akipanda, na wewe umerudi kuanza chini, tena bila mtu wa kukueleza plani ilikuwa gani.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Next time timu yako, iwe ya basketi ama ya soka, ya hapa ama ya majuu, ikikuambia inajengwa upya, usiimbe tu na usikasirike tu. Uliza hivi:

Nani anakata, na atakuwepo kuvuna? Hinkie hakuvuna. Mills hakuvuna. Presti alivuna. Kama kila mwaka kuna kocha mpya na kila kocha ana msumeno wake, hakuna chipukizi litafika kuzaa.

Ni miaka mingapi? Mkulima wa kahawa anajua ni msimu gani ataanza kuchuma tena. Kiongozi akikuambia "hivi karibuni", hiyo si plani. Aseme mwaka, na aseme kufikia mwaka huo tutaona nini.

Tunakula nini tukingoja? Kuna shina limeachwa? Kuna kijana mmoja anakua mbele ya macho yetu? Tiketi imeshuka ama bado tunalipa bei ya mabingwa kutazama vichapo?

Machipukizi yanatoka wapi? Hili ndilo letu kabisa, watu wa huku. Marekani wana college, sisi tuna michezo ya shule za sekondari. Kijana mrefu anayecheza Kangaru ama Meru School leo, akimaliza Form Four anaenda wapi na mpira wake? Ikiwa jibu ni mpaka apande matatu ya Nairobi akatafute timu na mahali pa kulala, basi wengi watapotea njiani. Hao ndio wangekuwa Morans wa 2030.

Kuvumilia timu si ujinga. Mashabiki wa Oklahoma walivumilia kichapo cha 73 na wakalipwa. Lakini uvumilivu ni deni, na mwenye kukopa anafaa aeleze atalipa lini. Kukata kahawa bila mbolea, bila maji na bila mtu wa kupogoa machipukizi, hiyo si kujenga shamba. Hiyo ni kutafuta kuni.

Kwa hivyo shabiki wa Morans ukiambiwa unapiga kelele mob, piga tu. Uliza mwaka, uliza jina la msimamizi, uliza vijana wako wapi. Sudan Kusini walitupita kwa pointi mbili, na hizo mbili bado hatujazirudisha.